Mtavua Viatu Mlangoni

"Krismasi mtasali sebuleni kwangu, na mtavua viatu mlangoni. Kuna vigae."

Yusto aliyasema hayo mwezi wa tisa mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisa, tunaosali nyumba kwa nyumba, kabla hata hajachukua fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa ya nyumba ishirini za kodi nafuu, zilizojengwa hapa Pito kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Kwa umaskini, Yusto alistahili hata medali. Shida ilikuwa swali la nne: mwombaji asiwe na nyumba. Naye alikuwa nayo, ya matofali mabichi na mabati kumi na mawili, aliyoachiwa na baba yake.

Mkewe, Fransiska, alimshauri aandike kuwa ni ya mdogo wake. Akakataa; mtu anayepokea komunyo hadanganyi serikali. Basi akatenda haki: akaibomoa.

Huku Ufipani ukijenga unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja kukusaidia. Yusto alipika ya kubomolea. Tulifika wengi kuliko siku ya harusi yake, na hadi saa saba mchana hata kizingiti hakikuwepo. Mabati akamuuzia Romani, muuza vifaa chakavu, ili alipie ulezi na picha za pasipoti. Familia ikahamia chini ya turubai. Wiki mbili tu, alisema.

Ofisini alimkuta karani wa mradi, Janeth, binti wa Mbeya. Akaipitia fomu, akaomba hati ya mshahara. Yusto akasema yeye analima mahindi. Janeth akamweleza kwa upole kwamba bila hati hiyo fomu haipokelewi.

"Lakini mwanangu, nyumba nimeshabomoa. Swali la nne."

"Ilikuwa ya tofali za kuchoma?"

"Mbichi."

"Pole, baba. Hizo hatuzihesabu nyumba. Ungeandika tu kwamba huna."

Nyumba zote ishirini wakapata wenye mishahara.

Krismasi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jumuiya tulikwenda kwa Yusto; si alitualika mwenyewe? Kwenye turubai tukavua viatu, wote, topeni, na hakuna aliyecheka. Fransiska akavipokea, akavipanga juu ya kitanda, mahali pekee palipokuwa pakavu.

Januari Yusto alikwenda kwa Romani kuulizia mabati yake. Yalikuwepo yote. Yeye alikuwa amemuuzia kila moja kwa elfu sita. Sasa bati moja, pamoja na matundu ya misumari ya baba yake, ni elfu kumi na tano.