Nilimdanganya mama kuhusu dawa ya majaribio kwa sababu ya wivu

Wakuu, habari za saa hizi. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe na sijajipendelea. Nimekifuta mara tano kwa sababu kila nikikisoma naonekana mbaya. Leo nakiacha hivyo hivyo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi na mama Unyambwa, Singida. Ni fundi cherehani. Ushonaji nilijifunza kwenye video, Kiingereza nacho nilijifunzia kwenye simu. Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Mteja ameshasema asante, mimi bado nafumua pindo.

Mama ana saratani ya titi. Ilitibiwa, ikatulia, kisha ikarudi.

Hospitali anakotibiwa, mbali na hapa, daktari akamwambia kuna utafiti wa dawa mpya. Wote wanaoingia wanaendelea na matibabu ya kawaida, ila nusu yao wanaongezewa hiyo dawa. Nani aongezewe, kompyuta ndiyo inachagua. Halazimishwi mtu. Akapewa fomu aje nayo nyumbani, kliniki ijayo atoe jibu.

Niliisoma ile fomu mpaka kurasa zikalegea. Nikajaza daftari zima, madhara kwa kalamu nyekundu, faida kwa bluu. Kila jioni namsomea mama. Anaitikia "ehee", macho yapo kwa kuku wake.

Sasa aje Mama Salma.

Huyu ni mkulima wa alizeti kule Ilongero, alilazwa kitanda cha jirani na mama. Yeye alishaingia kwenye utafiti ule. Wanapigiana simu kila siku, wanaongea Kinyaturu na kucheka. Nikiingia wanashusha sauti. Kicheko kile mama hajawahi kucheka na mimi.

Siku moja akaja na bodaboda, jogoo mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba. We binti, bado unasoma tu? Mtihani wenyewe tunafanya sisi!"

Wakacheka wote wawili.

Mama akamwuliza hiyo habari ya kompyuta kuchagua watu ikoje.

"Dada, unakumbuka bwana shamba alivyoleta mbegu mpya ya alizeti? Wengine wakapewa mpya, wengine wakapanda ile ile ya siku zote. Wote alikuja kutukagulia mashamba. Na hakuna aliyejua ipi itazaa, hata yeye. Ndiyo hiyo."

"Na ukichoka katikati?"

"Si unarudisha mbegu yao unaendelea na kilimo chako? Nani atakufunga?"

"Kumbe ni hivyo tu!" mama akasema.

Wiki tatu zangu, wakuu. Dakika kumi zake.

Alipoondoka, mama akaniambia anadhani ataingia. Ningepaswa kufurahi, maana hata mimi nilikuwa naona aingie. Lakini mdomo ukasema hivi: "Mama, yule hajui kusoma vizuri. Wanaokosa dawa mpya wanapewa maji tu. Hawatibiwi."

Nilijua ni uongo. Ukurasa wa nne ulisema wazi, na mstari chini yake niliupiga mimi.

Mama akakunja fomu, akaiweka chini ya godoro. "Basi."

Siku mbili baadaye niko kwenye cherehani, namsikia uani anaongea na simu. "Hapana mdogo wangu, siingii. Wewe unajua kueleza, lakini aliyesoma ni mwanangu. Yule hawezi kunidanganya."

Mguu ukagoma kwenye pedali. Kliniki ilikuwa keshokutwa.

Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, hakuna wanaopewa maji. Nilimwonea wivu Mama Salma."

Akanitazama sana. "Unamwonea mtu wivu wa saratani?"

 

"Lete hiyo fomu," akasema. "Nisomee. Bila rangi zako."

Nikasoma polepole. Safari hii alinikatiza kila mstari: damu watatoa mara ngapi, nikitapika sana nani ananisikiliza, nikiacha wataninunia? Maswali mengine akaenda nayo kwa daktari mwenyewe. Akajibiwa. Akasaini.

Kisha nesi akaomba jina la mtu wa karibu wa kupigiwa simu kukiwa na tatizo. Nikafungua kalamu.

"Andika Mama Salma."

"Mama, mimi si ndiye mwanao?"

"Wewe ukisikia baya utanipambia. Yule ataniambia kama lilivyo."

Nikaandika jina lake na namba yake, kwa mwandiko wangu mzuri, mbele ya nesi.

Kama dawa itamsaidia hatujui, hata daktari alisema hajui. Wivu bado ninao, nisiwadanganye na nyinyi.

Nilichojifunza: ukimsomea mgonjwa fomu, msomee yote, halafu kaa kimya umsikie anauliza nini. Mwili ni wake.

Waliowahi kumsaidia mzazi kuamua jambo kama hili, mlifanyaje? Na mliowahi kudanganya mkasamehewa, kuaminiwa tena kulichukua muda gani? Kunisema pia ruksa.