Mtumbwi wa kwenye runinga ya dobi

Kitendawili! Wewe unayesoma, sema "tega" hata kama uko peke yako, hakuna atakayekucheka. Haya: nikienda wananiona wengi, nikirudi hanioni mtu.

Usiseme jua, wala usiseme moshi. Wengi wamejaribu wakakosa. Kama umeshindwa, toa mji kama ada ilivyo, na uwe na subira. Mwanamke tunayemsimulia leo alishindwa akiwa na miaka tisa, akatoa mji wake, na jibu hakupewa. Sasa ana wajukuu.

Saa tatu asubuhi, pasi imeshapata moto. Mama Pasi, maana ndivyo wateja wanavyomwita, anachovya vidole kwenye bakuli la maji, anaurushia ukosi wa shati, kisha anaishusha pasi. Mvuke unapanda. Mkono unakwenda mbele, unavuta nyuma, unakwenda mbele tena.

Chumba ni kimoja, chembamba. Upande wa kulia nguo zimening'inia hadi darini. Kushoto kuna mabeseni matatu na mwenzake wa kazi, mfuaji, ambaye jina lake la mtaani ni Redio. Ukimsikiliza kidogo tu huulizi kwa nini.

Juu ya rafu, katikati ya sabuni na chupa za wanga, imewekwa runinga ndogo. Ndani yake mzungu mwenye ndevu kama kichaka anapiga kafi peke yake kwenye mto mpana. Msitu kushoto, msitu kulia, hakuna nyumba, hakuna moshi. Yuko safarini miezi na miezi, na mtumbwi wake, hema lake na sufuria moja.

Na mbele ya runinga, karibu kabisa, kwenye kigoda, ameketi baba yake Mama Pasi. Wateja wanamwita Babu Kimya.

"Mzee, utaingia humo ndani ulowe!" Redio anamtania.

Mzee anasogeza kigoda mbele kidogo.

"Mwezi uliopita kigoda kilikuwa kule mlangoni," anasema Mama Pasi kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kwenye shati. "Kila wiki kinasogea. Daktari wa macho ameshaniambia, giza linakuja, na kwa umri wake hakuna la kufanya. Ndiyo maana nina haraka."

Haraka yake ni moja. Anataka baba yake auone mto wa kwao kijijini, angalau mara moja tena, kabla macho hayajafunga.

Mzee alikuwa mvushaji. Kabla ya daraja, aliyetaka kwenda sokoni, kwa wakwe, shule au hospitali alisimama ukingoni akapiga ukelele, na mzee akaja na mtumbwi wa gogo. Amevusha maharusi na majeneza. Amevusha mbuzi walioogopa na walevi wasioogopa.

Mama Pasi ndiye aliyekuwa akikaa mbele kabisa ya mtumbwi na kopo, kazi yake kuchota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje.

"Wakati wa kwenda hatukuongea, watu wamejaa, kila mtu ana habari zake," anakumbuka, na pasi inapunguza mwendo. "Lakini tukishawashusha, tunarudi watupu, mimi na yeye. Hapo ndipo aliponitegea vitendawili. Vyote ninavyovijua nilivipata mtoni. Maji yanagonga ubavu, ko, ko, ko, na sauti ya baba inatoka nyuma yangu. Wallahi, nikisikia harufu ya tope hadi leo naisikia sauti ile."

Siku daraja lilipofunguliwa, watu walivuka wakipiga vigelegele. Mtu mmoja tu, bibi kizee aliyeogopa kutembea hewani, alikwenda kwa mtumbwi. Mzee alimvusha, akamshika mkono hadi nchi kavu, akageuza.

Katika kurudi huko ndipo alipotega kile cha mwisho. Nikienda wananiona wengi, nikirudi hanioni mtu.

"Nilishindwa. Nikasema, nakupa mji. Akauliza, mji gani? Nikamwambia, nakupa hapa petu, kivukoni. Mtoto ana mji gani mwingine?" Mama Pasi anacheka, kisha anaacha kucheka. "Akasema, haya nimeuchukua. Jibu nikangoja. Tukafika, akaufunga mtumbwi kwenye mti, akaenda nyumbani. Hakunipa."

Mzee akageukia kilimo, akazeeka. Miaka mitatu iliyopita mkewe alifariki, na binti akamleta mjini kwenye chumba cha nyuma ya dobi. Tangu hapo maneno yake yakawa ya kuhesabika: ndiyo, hapana, asante, basi.

Kazi ya dobi si lelemama. Umeme pekee unakula karibu nusu ya kinachopatikana, na siku ukikatika, mashati ya watu yanalala na makunyanzi, na matusi anayalamba mwenye pasi. Miguu ya Mama Pasi imevimba kwa kusimama. Lakini anasema hakuna kilichomchosha kama kimya cha baba yake.

"Nilimwomba fundi simu wa jirani aniwekee vichekesho kwenye runinga, mzee apate kucheka," anasimulia.

Fundi simu ni kijana mpole mwenye kibanda cha pili kutoka hapo, na meza yake ni kapu la nyaya. Alikosea, akachomeka kadi nyingine ya kumbukumbu. Badala ya vichekesho, akatokea mzungu na mtumbwi.

"Nikataka kuitoa," anasema fundi simu. "Mzee akanishika mkono. Ana nguvu yule! Nikaiacha."

Walimtazama yule mtu akifunga hema, akipuliza moto, akiburuta mtumbwi kwenye mawe. Kisha akapanda, akaanza kupiga kafi, akaenda, akaenda, akawa nukta juu ya maji. Na mzee, aliyekuwa hajasema sentensi nzima tangu msiba, akauliza:

"Nani anamshikia kamera?"

Mama Pasi aligeuka kwa mshtuko, akasahau mkono wake uko wapi. Pasi ikabaki juu ya shati jeupe la mwalimu. Walipoistukia, mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia, imechongoka mbele na pana nyuma, mtumbwi mtupu.

Alimlipa mwalimu shati jipya. Lile la zamani amelitundika ukutani, na hakuna anayeruhusiwa kulifanya tambara.

Swali la mzee likazua bunge. Redio alishika msimamo kwamba yupo mwenzake, amenenepa, anakula nyama nyuma ya kamera. Fundi simu akaapa mtu yule yuko peke yake, maelezo yanasema hivyo.

"Peke yake na nani?" Redio alimkatiza. "Mbona anaongea? Hapo anasema, jamani nimechoka, nitafutieni mke."

"Unajua lugha yake?"

"Uchovu hauna lugha, mwanangu."

Tangu siku hiyo kila asubuhi wanatazama. Fundi simu amezitafuta filamu zote za safari ile na kuziweka kwa mpangilio. Mzee amerudi kusema, kidogo kidogo, hasa kukosoa. "Anakoroga maji kama chai." Au: "Hapo vizuri, amegeuza kafi mwishoni, mtumbwi umenyooka." Siku mzungu alipopinduka, mzee alisimama na kuita, "Shika mtumbwi! Mzigo uache, shika mtumbwi!" Mteja aliyekuwa mlangoni akashika mlango.

Lakini kila Mama Pasi anapouliza, "Baba, nikupeleke ukauone mto?" mzee hugeukia ukuta. Ameuliza kwa upole, ameuliza kwa machozi. Mtumbwi upo kijijini, mdogo wake Mama Pasi huupaka mafuta kila kiangazi. Ndugu wako tayari. Jibu ndilo halipo.

Leo ni filamu ya mwisho. Redio amekausha mikono. Fundi simu amefunga kibanda akaja kusimama mlangoni. Mzungu amekonda, uso umeungua na baridi. Anasema maneno mawili matatu kwenye kamera, anapanda mtumbwi, anaanza kwenda. Anakuwa mdogo. Anakuwa nukta. Maji yanabaki matupu.

Mzee anacheka. Kicheko kizima, cha tumboni.

"Baba, nini?"

"Redio," anasema mzee, "huyu amekwenda, sivyo? Na kamera iko wapi?"

"Si ipo huku, inatuonyesha."

"Iko juu ya jiwe. Nani ataichukua?"

Redio anainama hadi kwenye kioo, analitafuta jiwe.

"Ataichukua mwenyewe," anasema mzee. "Ameiweka, amekwenda mpaka kule, sasa anageuza. Anarudi njia yote kuja kuifuata, ndipo aende tena. Kila alipoondoka alirudi. Sehemu ya kurudi ameikata, hatuonyeshi."

"Loh!" Redio anapiga paja. "Kwa hiyo amesafiri mara mbili, maskini, na sisi tumeona moja!"

Mama Pasi ameshaisimamisha pasi wima. Anamtazama baba yake, kisha shati la ukutani, kisha baba yake tena.

"Nikienda wananiona wengi," anasema polepole, "nikirudi hanioni mtu. Ni mvushaji. Ni wewe, Baba."

Mzee anatikisa kichwa kukubali.

"Lakini mimi nilikuwepo! Nilikuwa humo humo mtumbwini."

"Ulikuwa mbele, umenipa mgongo, unachota maji yako. Siku ile ungaligeuka nyuma, ungalipata jibu. Nilishukuru hukugeuka ukaniona nikilia." Anapangusa macho yake mabovu kwa kiganja. "Mto nikauone wa nini, mama? Hakuna wa kumvusha. Nitakwenda kutazama maji kama mgeni?"

Beseni linadondosha tone, tone.

"Baba," anasema Mama Pasi, na sasa sauti yake ni ya mtoto anayedai haki, "nilikupa mji. Uliuchukua, jibu hukunipa. Leo nimelipata mwenyewe. Nirudishie mji wangu."

"Mji gani?"

"Kivukoni."

Redio anaruka. "Mzee! Umekula mji wa mtoto miaka yote hii? Hata aibu huna?"

Mzee anacheka tena, mabega yanatikisika. Fundi simu naye anapata ujasiri. "Babu, mkienda nami nije? Nitawapiga picha kwa simu yangu nzuri, tuiweke hapa, Redio atutafsirie."

"Nivushe mimi," Mama Pasi anasema. "Mdogo wangu atapiga kafi mkono wako ukichoka. Twende ng'ambo, tugeuze, turudi. Na safari hii nitakaa nimekuangalia wewe. Baba, nikupeleke?"

Mzee anaitazama runinga, ambako maji bado ni matupu. Hageukii ukuta. Anakisukuma kigoda nyuma, anasimama, anaitafuta fimbo yake kwa mkono.

"Twende," anasema. "Na huyu kijana aje na simu yake. Ila tukienda asipige. Apige tukirudi."