Mume Kaacha Sigara, Muuguzi Kanuna

Asubuhi kitengo cha dharura kimefurika. Muuguzi wa makamo anamfunga dereva wa lori kipimo cha presha mkononi, anatazama namba, kisha anaguna.

"Kaka, hii ni presha au bei ya mafuta?"

Dereva anacheka, na hapo ndipo mahubiri yanapoanza: apunguze chumvi, aache sigara, ashuke kwenye usukani atembee. Wagonjwa wamempachika jina la Sista Chumvi, naye halikatai.

"Mtu aliyeponea chupuchupu masikio yake huwa wazi," anasema. "Akishatoka getini, yanaziba tena."

Wapo walioziba, na wapo waliorudi kumshukuru wakiwa wamekonda na kung'aa. Mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo analala naye kitanda kimoja.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akimaliza pakiti nzima ya sigara kwa siku. Mke alibembeleza, akafoka, akaficha kiberiti. Majirani walimtania kwamba mganga hajigangi.

Mwaka jana fundi alianguka karakanani akishika kifua. Wenzake walimkimbiza kitengo kile kile, mkewe akiwa zamu.

"Nilitaka kumrukia," anakumbuka. "Msimamizi akanivuta: 'Dada, huyu leo si mgonjwa wako.' Akampa yule binti."

Binti huyo ni muuguzi aliyekuwa na miezi michache tu kazini, mpole, mwenye sauti ya chini. Moyo wa fundi ulionekana mzima, ila presha ilikuwa imepanda mno. Fundi alipotulia, binti alivuta kiti akaketi naye. Nyuma ya pazia, mke alimsikia mumewe akiongea, ila maneno hakuyapata. Akaongea tena. Kisha akalia.

Siku hiyo hiyo fundi alirudi nyumbani, akatupa sigara zake jalalani.

"Yule binti anajua kuongea na mtu," akasema.

Furaha ilikataa kuja. "Roho iliniwaka moto," anakiri muuguzi. "Miaka yote nimekauka koo, mwenzangu kaketi kidogo tu, kavuna!"

Kazini alianza kumwitikia binti kwa kichwa. Akaomba abadilishiwe zamu, akakataliwa. Chai akanywa peke yake. Nyumbani kila mumewe alipomtaja binti, sufuria zilipigwa kwa nguvu jikoni.

Mwisho uzalendo ukamshinda. Alimfuata binti chumba cha kubadilishia nguo, akamkabili.

"Ulimwambia nini mume wangu?"

"Sikumwambia kitu, dada. Nilimuuliza anaogopa nini, nikanyamaza."

"Akasema nini?"

"Hilo muulize mwenyewe, dada yangu. Lilikuwa la kwake."

Jibu hilo lilimchoma kuliko sigara zote. "Niliona siri ya chumbani kwangu imekwenda kusemwa kwenye kitanda cha hospitali," anasema.

Alimuuliza mumewe. Fundi alizungusha maneno, mke akakaza midomo kungoja, kazi anayosema ni ngumu kuliko kukesha na mahututi. Hatimaye fundi akasema: anaogopa kufa kama kaka yake, aliyeanguka akiwa na umri kama wake sasa, sigara mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihubiria, mke wangu."

Fundi mwenyewe, tuliyemkuta karakanani akitafuna karoti, hapindishi: "Mke wangu akisema, nilikuwa nasikia kelele za nyumbani. Nilipoulizwa, nikajisikia mimi."

Tangu hapo muuguzi anajifunza kuuliza. Hata dereva wa lori, baada ya mahubiri, amevutiwa kiti na kuulizwa yeye mwenyewe angependa kuanza na lipi. Amefikiri, kisha akachagua soda za njiani. "Hizo naziweza," amesema.

Sasa wauguzi hao wawili wameomba wapewe kona yenye viti, ili mgonjwa wa dharura azungumze na mtu kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Msimamizi ameahidi chumba kilichokuwa stoo. Binti atakuwa wa asubuhi, Sista Chumvi wa mchana.

Je, wivu umekwisha? Anamtazama binti akipita na sinia la dawa, anavuta pumzi.

"Nampenda kama mdogo wangu. Lakini nataka siku moja mume wangu akiulizwa nani alimwachisha sigara, anitaje na mimi. Hata nikiwa wa pili."