Shwari Tuliyoitangaza

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wa ofisi yetu ya redio hakunionyesha hata kiti. Alinipa kopi, yaani habari iliyopigwa taipu tayari kusomewa Nairobi kwa simu, akaniamuru nisome sentensi ya mwisho. Ilisema: "Hali sasa ni shwari."

"Umeona huo mkia?" akauliza. "Habari ya vurugu bila mkia Nairobi hawaichukui. Hatutaki kutia wananchi wasiwasi."

"Ndiyo, mkubwa," nikaitikia.

Shwari ni neno la kila siku. Ukisalimiwa barabarani unajibu shwari hata kama umeshinda njaa, na halimdhuru mtu. Sisi tulilibandika kila mahali. Ng'ombe wameibwa Endebess, shwari. Wanafunzi wamechoma bweni Kachibora, shwari. Hatukuwa tumeenda kuona. Gari la ofisi lilikuwa moja, na mkubwa alikuwa nalo shambani kwake. Tulimpigia simu afisa wa serikali, naye akisema ametuma askari, tunaandika mkia. Hiyo ndiyo tuliyoiita kuthibitisha habari, na bila aibu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Mkuu wa huko alikuwa mpole, hakupiga meza, lakini mkia aliutaka vilevile.

Ndipo nyumba zikachomwa mlimani, juu ya Kapsokwony, na familia zikashuka hadi kwenye uwanja wa kanisa mjini. Nilikwenda kuwahoji. Zakayo, mkulima wa vitunguu, na mkewe Rispa walinipa chai katika kikombe chao cha pekee. Zakayo alikuwa ameacha ng'ombe wa maziwa amefungwa zizini. Nilimuuliza habari za moto, akanijibu habari za ng'ombe.

Kesho yake afisa wa serikali wa huko alitoa taarifa. Niliifupisha, nikaweka mkia, nikaisoma kwa simu. Ikarekodiwa na kutangazwa saa saba mchana kwa sauti yangu mwenyewe.

Siku ya tatu Rispa aliingia ofisini, amevaa sweta ya mumewe. Alinieleza kwamba Zakayo alisikia redio akasema, "Huyu si ni yule kijana alikunywa chai na sisi? Huyo hawezi kutudanganya." Akapanda kumwangalia ng'ombe wake. Asubuhi hiyo watu wa kanisa walikuwa wamemteremsha maiti, amekatwa kwa panga.

"Wewe ulipanda huko juu?" Rispa aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa hiyo shwari uliona wapi?"

"Afisa ndiye alisema."

"Na yeye alipanda?"

Hakulia, wala hakunitukana. Aligeuka akaondoka.

Nilimweleza mkuu wangu. Alivua miwani, akasikitika, na naamini alisikitika kweli. Kisha akasema, "Andika mtu mmoja amefariki. Na uweke mkia."

Niliandika. Mkia nikauweka. Nilikuwa na watoto wa kulisha, lakini Zakayo pia alikuwa nao.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Kitale. Waandishi vijana huja kunihoji juu ya kazi ya zamani, wakisifu Kiswahili chetu kwamba kilikuwa safi. Hapo hunipanda hasira. Usafi gani, wakati hata viatu vyetu havikujua matope ya huko tulikokutangaza? Wanangu huniambia hasira hasara. Nawajibu kwamba kunyamaza ndiko kulikoleta hasara.

Mwaka jana nilimtafuta Rispa. Nilimkuta kwa binti yake, nje kidogo ya Bungoma, anachambua maharagwe. Nikamwomba msamaha.

"Pole yako nimesikia," alisema. "Lakini watu waliambiwa kwa redio ni shwari, na hakuna siku wameambiwa haikuwa. Si wewe ndio ulisema? Basi enda useme tena."

Nilipeleka ombi kwa stesheni mbili. Moja haikujibu. Ya pili, kijana mwenye adabu aliniambia, "Mzee wangu, hiyo si habari tena."

Basi nalisema hapa. Siku Zakayo alipopanda mlimani kumwangalia ng'ombe wake, huko juu hakukuwa shwari. Sikuwa nimeenda kuona, na niliwaambia nyote kwamba najua.