Maji Sita na Udongo

Juzi, huko Kicukiro, nilimwona binti akimwogesha mbwa kwa sabuni yenye harufu ya maua, na mbwa ametulia kama bwana harusi anayenyolewa. Nikamkumbuka Bobi, mbwa wa utoto wangu.

Bobi alijileta mwenyewe uani kwetu Biryogo. Mvua ikinyesha nilimsikia akilia nje ya mlango, lakini neno la Baba, fundi cherehani, lilikuwa moja: mbwa haingii ndani.

Siku moja mwalimu wa madrasa akatufundisha kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kumbe dawa ipo! Nikimwosha Bobi mwenyewe hivyo hivyo, atakuwa safi kama sahani.

Alasiri ile nilimfunga kwenye mgomba. Maji yalimtia kiwewe, mpaka nilipoanza kumsugua polepole nyuma ya masikio kwa brashi ya nguo ya Mama, ndipo akatulia, akinuka kama blanketi lililonyeshewa. Udongo haukuhitaji kubembeleza. Alijibiringisha mwenyewe kwa furaha.

Baba akatoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Iko nini hapa?"

"Baba, Bobi sasa ni safi. Aingie?"

Alimtazama Bobi, mwekundu kwa tope toka pua hadi mkia, kisha akanitazama mimi.

"Ingia wewe kwanza, ukaoge."

Bobi hakuingia. Lakini asubuhi nilimkuta kibarazani, amelalia gunia lililokunjwa pindo na kushonwa pande zote. Na kwetu aliyejua kushona alikuwa mmoja tu.