Shafti ya Nyamhanga

Chuoni Homa Bay, somo la uimara wa vifaa lilimshinda Beverly mara mbili, akarudi kwao Suna bila cheti. Mikono yake lakini haikuwa na dosari. Obare, mwenye karakana, alimpa mashine ya kukereza vyuma, na baada ya miaka mitatu wateja wakawa wanamuulizia yeye kwanza.

Asubuhi moja akaingia mzee Nyamhanga, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kehancha, amebeba shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha kinu, imekatika vipande viwili. Ilikuwa ya tatu tangu Pasaka. Zote alizichonga Beverly kwa kipimo cha ile ya zamani, kipenyo cha milimita thelathini.

"Dada, chuma chenu ni kibovu," mzee alisema bila kupaza sauti. "Kina mama wanapita mlangoni kwangu na mahindi yao, wanaenda kwa jirani."

Beverly aliona haya. Akakigeuzageuza kipande kimoja. Palipokatika palikuwa pamejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Chuma hakikuwa na kosa, kilikuwa kimezidiwa.

"Mzee, kwani ulibadilisha injini?"

"Ile ya kwanza ilikufa. Nikaweka yenye nguvu mara mbili, mwendo ni uleule."

Obare akadakia, "Basi mchongee nene mara mbili. Sitini, yaishe!"

Sitini isingeingia hata kwenye fremu ya kinu. Beverly akachukua chaki, akachutama mbele ya mlango wa bati. Nguvu mara mbili kwa mwendo uleule, basi msokoto nao ni mara mbili. Lakini shafti haihimili msokoto kwa kipenyo peke yake. Ni kipenyo mara kipenyo, mara kipenyo tena. Hapo ndipo alipokuwa akijikwaa chuoni, akitafuta kipeuo cha pili badala ya cha tatu. Safari hii, kipande kikiwa kimelala miguuni pake, hakukosea. Shafti ilihitaji kuongezeka robo na kitu tu: thelathini na nane.

"Tutaweka arobaini, na beringi zake mpya. Fremu haiguswi," alisema akiinuka. "Na hizo tatu zilizokatika, mzee, kosa ni langu. Nilinakili tu, sikuuliza."

Nyamhanga aliitikia kwa kichwa. "Haya. Fundi anayekubali kosa, nitamjaribu tena."

Beverly alienda mwenyewe Kehancha kuifunga. Kinu kikanguruma, kina mama wakasogea na ndoo zao. Kila baada ya gunia aliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, akisikiliza kwa ngozi kama kuna joto au mtikisiko. Mellen, mke wa Nyamhanga, alimwita mara mbili aje ale. Hakubanduka mpaka gunia la kumi lilipokwisha.

Shafti ile imesaga mavuno mawili sasa. Na mteja yeyote akileta iliyokatika, Beverly humuuliza kwanza habari za injini, hata Obare akinung'unika kwamba foleni inazidi kurefuka.