Shemeji Wanne Ndani ya Kabati

Nimepanga vyumba katika nyumba nyingi, na kila nyumba ina sauti yake ya kulalia: bomba linalovuja, jirani anayekohoa, friji inayokoroma. Nyumba ya mama mshonaji, nilikokaa msimu mmoja wa mvua, ilikuwa na mngurumo mwembamba uliotoka kwenye kabati la korido. Nilipouliza ni nini, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Shemeji zangu."

Kabatini, kati ya pasi mbovu na majora ya bitana, lilikaa sanduku jeusi lenye diski nne za kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Marehemu mumewe, fundi mitambo wa redio, alikuwa amelijenga mwenyewe, na kila tundu akalibandika jina la utani la mmoja wa ndugu zake: Mkubwa, Mrefu, Mcheshi, Kitindamimba. Watatu wa kwanza walibeba mizigo. Kitindamimba hakubeba chochote cha kwake. Alitunza hesabu ya kaka zake, ili mmoja akianguka, waliobaki waweze kukitaja kila alichokuwa nacho.

"Mimi nilielewa kwa kitambaa," aliniambia. "Ukijua urefu wa jora zima, na vipande viwili viko mkononi, cha tatu kilichopotea utajua kilikuwa na urefu gani. Vikipotea viwili, mgeni wangu, unabaki kuota."

Mzigo wa Mrefu ulikuwa sauti. Si vipindi, vipindi vilikuwa mali ya redio. Yalikuwa majaribio ya maikrofoni ambayo mume aliyafanya nyumbani, kwenye meza ya chakula: "Moja, mbili. Moja, mbili. Mama watoto, unanisikia huko?" Mtu aliyerekodi sauti za nusu ya mji hakuacha yake mahali pengine popote. Wengine huacha mashamba. Huyu aliacha moja, mbili.

Asubuhi moja mama aligonga mlango wangu akiwa amebana pini midomoni, nisielewe neno mpaka alipozitema kiganjani.

"Mrefu amekufa."

Nikaanza kumpa pole.

"Si huyo! Huyo yuko kwake, anakula vizuri kuliko mimi na wewe. Wa kabatini."

Kweli, taa pekee ya sanduku, ya kijani, ilikuwa imegeuka nyekundu, na kwenye kompyuta ya mezani mashine ilikuwa imeandika jina la Mrefu. Akampigia binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo, akaiweka simu juu ya meza ya kupigia pasi ili sote tusikie.

"Shikamoo, mama. Nimeshaona ujumbe. Diski ya akiba aliyoiacha baba ipo?"

"Marahaba. Ipo, kwenye boksi la vifungo." Akaisogeza simu karibu. "Mwanangu, sauti yake bado inafunguka, sivyo? Hata hivi Mrefu alivyokufa?"

"Inafunguka. Wenzake wanaitunga kwa hesabu. Lakini nao ni wazee, mama, na mzigo wote uko mabegani mwao. Mwingine akianguka kabla hatujaijaza diski mpya, sauti ya baba imekwenda. Tusiwachoshe."

"Mara moja tu."

"Mama."

"Na kama haitarudi? Si bora niwe nimeisikia leo?"

Mama akaitazama ile taa nyekundu kama mtu anayetazama kona ya barabara, pale alipompoteza machoni anayemsindikiza. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kompyuta. Akakirudisha.

"Basi. Nilizoea kumngoja arudi kutoka zamu. Nitamngoja tena."

Tukazima, tukachomoa waya. Mama akavuta diski kwenye tundu lililoandikwa Mrefu.

"Nisomee nambari za mwisho," binti akasema.

Akasoma, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Binti akazilinganisha na orodha ya mashine.

"Huyo siye. Huyo ni Mcheshi, mzima kabisa. Mama, nani aligusa sanduku?"

Mama akanitazama kana kwamba ningeweza kumsaidia. "Nilizitoa diski, nikazipangusa vumbi. Baada ya msiba."

"Ndani ya kabati?"

"Shangazi zako wanafungua makabati!"

"Ukazirudisha vipi?"

"Kwa umri. Kila moja ina tarehe yake ya kutengenezwa mgongoni. Ya zamani juu, changa chini. Ulitaka nimkalishe mdogo juu ya mkubwa wake?"

Binti alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mashine inawatambua kwa nambari zao, mama, popote walipokaa, ndiyo maana haikulalamika. Ni sisi tuliodanganywa na majina ya mlangoni."

Tulimrudisha Mcheshi, tukamkuta Mrefu amelala kwenye tundu la Kitindamimba. Mama akaichukua ile diski iliyokufa, akaifunga kwa kipande cha bitana. Diski mpya ikaingia, na binti, kutoka huko aliko, akaiamuru mashine ianze kuijaza.

Kwa kuwa cherehani iliegemea ukuta wa kabati, mama aliiacha. Alishona kwa mkono, asije akawatikisa. Mteja mmoja alipofuata gauni lake, aliambiwa arudi kesho, kuna mgonjwa ndani.

"Poleni jamani," mteja akanong'ona. "Nani?"

"Shemeji."

Mteja akaondoka kwa kunyata.

Siku hiyo na usiku wake niliusikia mngurumo umepanda, kama watu wanaokumbushana jambo gumu. Alasiri ya pili simu ikaita.

"Imejaa, mama. Hakuna kosa hata moja."

Nilidhani angekimbilia kompyuta. Alimaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akanawa mikono. Ndipo akafungua.

"Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti nzito, yenye mafua kidogo. "Mama watoto, unanisikia huko?" Kisha ukimya mrefu. Kisha: "Haya," na kiti kikasukumwa.

"Hapo katikati," mama akasema, "nilimjibu. Nilikuwa jikoni, mlango umefungwa. Maikrofoni haikunifikia." Akapangusa spika ambayo haikuwa na vumbi. "Kila nikisikiliza, naonekana kama niliyemnyamazia."

Akainuka, akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Icheze!" akaniita.

Nikabonyeza. Moja, mbili. Moja, mbili. Mama watoto, unanisikia huko?

"Nakusikia!" ikaja sauti ya nyuma ya mlango, changa kuliko niliyoizoea. "Njoo ule, kinapoa!"

"Haya," mumewe akasema, na kiti kikasukumwa.

Mlango wa jikoni haukufunguka upesi.